Sura ya Nne: Senti za Mfugaji Huenda Wapi?

Saa kumi na mbili asubuhi, Endarasha. Baridi inayoshuka kutoka milima ya Nyandarua bado imeshika vidole vya watu, na mitungi imeshajipanga kando ya barabara ikisubiri pikapu. Karani anaweka mtungi wa kwanza juu ya mizani, anasoma, anabonyeza namba kwenye kimashine cha mkononi, na kikaratasi chembamba kinatoka: kilo 6.7. Mama mwenye mtungi anakikunja mara mbili na kukitia kwenye mfuko wa sweta. Mwezi huu atafanya hivyo mara sitini, asubuhi na jioni.

Siku ya malipo atavitandaza vikaratasi hivyo mezani, atakopa kikokotoo cha mwanawe wa shule, atajumlisha, kisha atakwenda dirishani na swali ambalo nimelisikia katika kila ushirika niliofika: "Mwanangu, nimepiga hesabu mwenyewe. Mbona yangu na yenu hazilingani?"

Tofauti yenyewe mara nyingi ni ndogo. Senti thelathini, au shilingi kumi na mbili. Karani aliyechoka hujibu kwamba ni kompyuta ndiyo imehesabu, na maneno yanaishia hapo. Sura hii ni ya mama huyo, na ni ya karani pia, kwa sababu jibu lile si kweli. Kompyuta haiamui senti iende wapi. Aliyeamua ni mtu aliyeandika programu, yaani yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata, na huenda aliamua bila kujua kwamba anaamua.

Namba tupu si kiasi

Tuanze na kikaratasi. Kimeandikwa 6.7. Sita nukta saba ya nini?

Nyumbani, mama alipima kwa lita. Mizani ya ushirika hupima kilo. Maziwa ni mazito kidogo kuliko maji, na uzito huo ndio unaosomwa na laktomita, kile kijiti cha kioo ambacho karani hukitumbukiza kwenye maziwa kuona kama yameongezwa maji. Laktomita ikisoma 30, maana yake lita moja ya maziwa hayo ina uzito wa kilo 1.030. Kwa hiyo mtungi wa lita 20 utasoma kilo 20.6 kwenye mizani. Hakuna aliyeiba wala aliyeongeza.

Sasa geuza mambo. Ushirika umepokea kilo 1,000 asubuhi, programu ikaandika 1,000 bila kutaja ni kilo au lita. Lori likafika kiwandani, na huko wanapima kwa lita: 971 hivi. Vitabuni maziwa "yamepotea" lita 29. Anayeshukiwa kwanza ni dereva, wa pili ni karani. Watu wawili waaminifu wanaweza kufukuzwa kazi kwa sababu ya safu moja ya kompyuta isiyokuwa na jina la kipimo. Jambo hili linaniuma, kwa sababu dawa yake ni rahisi kabisa: kila namba iandikwe pamoja na kipimo chake, na programu ikatae kujumlisha kilo na lita kama vile wewe ungekataa kujumlisha kuku na mayai.

Kwenye viazi hali ni mbaya zaidi. Mkulima wa Kieni akikwambia ameuza magunia kumi, bado hujajua ameuza kiasi gani. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia la kilo 50, lakini sote tunalijua lile gunia lililoshonewa kilemba juu, ambalo wakulima wamelipa jina la mukorino kwa kufanana na kilemba cha Waakorino. Programu ikiandika "gunia 10" tu, imeandika uvumi. Ikiandika "gunia 10, kila moja kilo 50", imeandika hesabu.

Na fedha nayo ina kipimo chake. Wengi hudhani kila sarafu duniani ina senti mia. Shilingi ya Kenya ina senti mia, ndiyo. Lakini kwenye orodha ya kimataifa ya sarafu ambayo waandishi wa programu huifuata, shilingi ya Uganda haina sehemu ndogo yoyote inayohesabiwa, sawa na faranga ya Rwanda na yeni ya Japani. Riali ya Omani nayo hugawanywa mara elfu moja, kwa baisa. Chukua programu iliyoandikwa na mtu anayeamini kwamba kila sarafu ina sehemu mia, kisha mtu aliyeko Muscat amtumie nduguye riali 5.250, yaani baisa 5,250. Programu ikigawanya kwa mia badala ya elfu, itasoma riali 52.50. Kosa la mara kumi, na chanzo chake ni mahali nukta ilipowekwa.

*Kwa ufupi: kiasi ni namba pamoja na kipimo. Ukikuta namba peke yake kwenye kitabu cha hesabu, uliza.*

Kibaba kisichojaa

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo watu wachache huelezwa, nalo ndilo mzizi wa senti nyingi zinazopotea.

Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Sisi hugawanya kwa kumi, yenyewe hugawanya kwa mbili. Fikiria mfanyabiashara wa mahindi sokoni ambaye vipimo vyake vyote ni vya kukata nusu: ana nusu debe, robo debe, thumuni ya debe (thumuni asili yake ni sehemu ya nane, ingawa Kenya tuliifanya jina la senti hamsini), kisha sehemu ya kumi na sita, ya thelathini na mbili, na kuendelea hadi kijiko. Mwombe akupimie sehemu moja ya kumi ya debe, sawasawa, bila kuzidi wala kupungua.

Nusu ni kubwa mno. Robo na thumuni pia. Sehemu ya kumi na sita inaingia: amefika 0.0625. Anaongeza sehemu ya thelathini na mbili: 0.09375. Mbili zinazofuata zingezidisha, anaziruka. Anaongeza sehemu ya 256: 0.09765625. Anaongeza ya 512: 0.099609375. Anakaribia, anakaribia tena, na hata akipima hadi jioni hatafika. Sehemu ya kumi haipatikani kwa kukata nusu, kama vile theluthi haiandikiki kwa desimali: 0.3333 na kuendelea.

Ndivyo kompyuta ya kawaida inavyohifadhi senti kumi ikiachiwa itumie namba zinazoitwa za nukta inayoelea, yaani namba ambazo nukta yake husogea kulingana na ukubwa wake. Namba hizi zina kanuni moja duniani tangu 1985, na zinawafaa sana wapimaji ardhi na watabiri wa hali ya hewa. Kwa fedha hazifai. Iambie kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa njia hiyo, itakujibu 0.30000000000000004. Iambie ijumlishe senti kumi mara kumi, itapata 0.9999999999999999 badala ya shilingi moja. Kati ya senti zote mia za shilingi, zinazohifadhika sawasawa ni vituo vinne tu: 00, 25, 50 na 75.

Nisimame hapa kidogo kwa jambo linalonifurahisha. Kabla ya shilingi, Afrika Mashariki ilitumia rupia, na rupia ya zamani ilikuwa na pesa 64. Wajerumani waliiacha hesabu hiyo mwaka 1904 huko kulikokuja kuitwa Tanganyika, wakaleta heller mia kwa rupia, na upande wa Waingereza senti mia zilifuata punde. Sasa, 64 ni mbili iliyozidishwa kwa mbili mara kwa mara. Pesa moja ya rupia ile ingeingia kwenye kompyuta ya leo bila kubaki hata chembe. Senti, ambayo ilionekana ya kisasa zaidi, ndiyo inayoisumbua mashine.

Utaniuliza: sehemu ndogo kiasi hicho itamdhuru nani? Chukua makato ya usafiri. Tuseme kamati imeamua Sh 4.35 kwa kila kilo ya maziwa. Programu inataka kuyabadili yawe senti, basi inazidisha kwa mia. Kwa nukta inayoelea, 4.35 mara 100 si 435. Ni 434.99999999999994. Kama mwandishi wa programu ameagiza kila kilicho baada ya nukta kitupwe, kinachobaki ni senti 434. Senti moja imekwenda kwa kila kilo. Ushirika unaopokea kilo 8,000 kwa siku unapoteza Sh 80 kila siku, Sh 29,200 kwa mwaka. Safari hii anayefaidi ni mfugaji na anayeumia ni ushirika, lakini wiki ijayo kosa lilelile linaweza kuangukia bei badala ya makato.

Kuna mfano mashuhuri wa jinsi vipande vidogo vinavyokusanyika. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha kipimo cha jumla cha bei za hisa Januari 1982, kikianzia alama 1,000. Kila biashara ilipofanyika, kompyuta ilikokotoa upya na kutupa tarakimu zote zilizozidi tatu baada ya nukta. Maelfu ya mara kila siku, kipande kidogo kilitupwa, siku zote kuelekea chini. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilisoma takriban 524 wakati soko lenyewe lilikuwa zuri. Waliporekebisha hesabu, namba sahihi ilikuwa takriban 1,098. Nusu ya thamani ilipotea vitabuni bila mtu kuuza chochote kwa hasara.

Njia tatu zinazofaa

Wanaoandika programu za hesabu za fedha kwa uangalifu hutumia mojawapo ya hizi:

1. Kuhifadhi senti, si shilingi. Sh 46.45 huandikwa 4645, namba nzima isiyo na nukta. Kompyuta haikosei kwenye namba nzima, mradi chombo cha kuihifadhi kiwe kikubwa. Chombo kidogo cha kawaida hujaa kwenye 2,147,483,647, yaani Sh 21,474,836.47 ukihesabu kwa senti. Ushirika ukilipa zaidi ya hapo, namba inaweza kugeuka kuwa hasi. Chombo kikubwa zaidi hubeba tarakimu kumi na tisa, na huko hakuna ushirika utakaofika.
2. Kuhesabu kwa desimali halisi. Lugha ya kompyuta iitwayo COBOL, iliyobuniwa 1959 kwa ajili ya biashara, ilifanya hivi tangu mwanzo, na lugha nyingi za leo zina namba za aina hiyo. Mwandishi wa programu anatakiwa tu kuzichagua.
3. Kuhifadhi sehemu, namba ya juu na ya chini, kama tulivyofundishwa darasa la tano. GnuCash, programu huria ya uhasibu ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bila malipo, huhifadhi 46.45 kama 4645 juu ya 100. Kwa njia hii ya sehemu, theluthi inaweza kubaki theluthi.

GnuCash ina jambo jingine ninalolipenda. Ndani yake, fedha na hisa huhesabiwa kwa mtindo mmoja: kila kitu ni bidhaa yenye jina na yenye sehemu yake ndogo kabisa. Na kila mstari wa hesabu hubeba namba mbili, kiasi cha kitu chenyewe na thamani yake kwa fedha ya muamala ule. Umuhimu wa hili utaonekana tukifika kwenye kahawa.

Nusu ya senti ni ya nani?

Turudi kwa mama wa mtungi. Tuseme bei ni Sh 46.45 kwa kilo, na tuseme ng'ombe wake hakubadilika mwezi mzima, kilo 6.7 kila mara. Kilo 6.7 mara Sh 46.45 ni Sh 311.215. Hata programu iliyo sahihi kabisa sasa imefika njia panda, kwa sababu nusu ya senti hailipiki. Lazima ikadirie, yaani ikate au ipandishe namba ikae kwenye senti kamili au shilingi kamili. Angalia kinachotokea kwa mara sitini:

- Ukijumlisha kilo zote kwanza (402) kisha ukazidisha kwa bei: Sh 18,672.90.
- Ukipandisha kila kikaratasi hadi senti ya juu (311.22): Sh 18,673.20.
- Ukikata kila kikaratasi hadi shilingi kamili (311): Sh 18,660.

Mama alipiga hesabu ya kwanza. Ofisi ilipiga ya tatu. Wote wawili wamejumlisha vizuri, na bado Sh 12.90 haziko. Wanachama 900 wa kiasi kama chake wangepungukiwa Sh 11,610 kwa mwezi, Sh 139,320 kwa mwaka. Hizo si senti tena. Hizo ni pembejeo.

Wahasibu wana desturi kadhaa. Kuna kukata daima, ambako humwonea mtu mmoja siku zote. Kuna kupandisha kila nusu, ambako ndiko tulikofundishwa shuleni, na ambako huegemea juu kidogo kidogo. Kuna pia kupeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, 2.5 iwe 2 na 3.5 iwe 4, ili mara nyingine ishuke na mara nyingine ipande. Naona hii ya mwisho ndiyo ya haki zaidi pale hesabu zinapokuwa nyingi. Lakini lililo kubwa kuliko zote ni hili: usikadirie kila kikaratasi. Beba kilo kamili hadi mwisho wa mwezi, zidisha mara moja, kadiria mara moja.

Wenye kutumia majedwali ya kompyuta wajihadhari na mtego mmoja. Jedwali likipangwa kuonyesha tarakimu mbili, litakuonyesha 311.22 kwenye kila mstari, ilhali ndani limeshika 311.215. Mkaguzi akijumlisha anachokiona kwenye karatasi atapata Sh 18,673.20, na jumla iliyochapishwa chini itakuwa Sh 18,672.90. Mweka hazina atashindwa kujieleza, na wala hajakosa.

Dola inaposhuka hadi kwenye ndoo ya kahawa

Ukiteremka kutoka Endarasha kupitia Mweiga hadi Tetu, Othaya na Mathira, maziwa yanaipisha kahawa, na hesabu inaongezeka ngazi. Kwenye Soko la Kahawa la Nairobi bei hutajwa kwa dola za Marekani kwa gunia la kilo 50. Mkulima analipwa kwa shilingi kwa kilo ya matunda mekundu aliyopeleka kiwandani miezi mingi nyuma. Kati ya hizo mbili kuna sarafu kubadilika, uzito kubadilika na bidhaa yenyewe kubadilika, maana hukadiriwa kwamba kilo sita hadi saba za matunda hutoa kilo moja ya kahawa safi.

Tuchukue mfano. Gunia limeuzwa dola 250, ambayo ni dola 5 kwa kilo. Dola moja tuseme ni Sh 129.25. Kilo ya kahawa safi basi ni Sh 646.25. Kwa uwiano wa saba kwa moja, kilo ya matunda, kabla ya makato, ni Sh 92.321428 na tarakimu zinaendelea. Kamati ikitangaza Sh 92.30, watu watapiga makofi. Lakini kwa kilo 500,000 za matunda, ile sehemu iliyoachwa ni Sh 10,714. Ziko benki, na mwenyewe hajatajwa.

Ndiyo maana mstari wa hesabu lazima ubebe vitu vyote: magunia mangapi, dola ngapi, dola ilikuwa shilingi ngapi siku ile, na shilingi zilizopatikana. Anayeandika shilingi peke yake amefuta njia aliyopitia. Miezi mitatu baadaye dola ikiwa imeshuka au kupanda, hakuna atakayeweza kueleza kwa nini malipo mawili ya kahawa ileile yametofautiana.

Shilingi isiyogawanyika

Limebaki jambo la mwisho, nalo lina jibu zuri. Gawanya Sh 1,000 kwa watu watatu. Kila mmoja 333.33, jumla 999.99. Senti moja imebaki. Na siku hizi ni shilingi nzima inayobaki, kwa sababu sarafu zilizotolewa Desemba 2018 zinaanzia shilingi moja, na anayetuma kwa M-Pesa haandiki senti. Watu watatu wanapokea 333, shilingi moja inabaki mezani.

Programu mbaya huiacha ipotee, kisha vitabu vinakataa kulingana na mweka hazina anakesha akiitafuta. Programu nzuri hufanya moja kati ya mambo mawili. Ya kwanza, hugawa kilicho kamili, kisha hugawa mabaki moja moja kwa kuanzia na yule ambaye sehemu yake iliyokatwa ni kubwa zaidi, hadi jumla irudi kuwa ileile. Ya pili, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa vyama vya ushirika, huyaandika mabaki ya kila mwanachama kwa jina lake na kuyapeleka mwezi unaofuata. Mama wetu mwezi huu analipwa Sh 18,672, na kwenye karatasi yake panaandikwa: bakaa, senti 90. Mwezi ujao zitaanza naye.

Kwa hiyo mkutano mkuu ujao, mwenyekiti akifungua nafasi ya maswali, simama umuulize mambo matatu. Maziwa yetu yameandikwa kwa kilo au kwa lita? Hesabu hukadiriwa kwenye kila kikaratasi au mwisho wa mwezi? Na senti zinazobaki zimeandikwa kwa jina la nani? Omba majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, kisha siku ya malipo nenda nazo dirishani pamoja na vikaratasi vyako.